Mhudumu wa Afya na Siasa Kazini: Wakati wa Kunyamaza na Wakati wa Kusema



Ndugu wapendwa, katika mizunguko yetu ya kichungaji kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Mlandizi kupitia Vigwaza hadi Chalinze, waamini wametufikishia swali moja kwa sura mbili zinazopingana. Mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo alitusimulia kwamba alikaa siku mbili nyumbani na mtoto mwenye homa kabla ya kumpeleka zahanati. Hakukosa nauli, wala si mzembe. Wiki iliyotangulia alikuwa amemsikia mhudumu mmoja, mbele ya foleni ya akina mama wa kliniki, akiwakejeli wafuasi wa chama ambacho mume wake ni mwanachama. "Niliogopa, Baba," alisema. "Nilidhani wakilisoma jina la mume wangu kwenye kadi, mwanangu atawekwa mwisho."

Siku chache baadaye, muuguzi mmoja ambaye ni mwanakwaya alitujia na swali lake: "Baba, nikiwaambia wagonjwa kwamba dawa fulani haijaletwa tangu mwezi uliopita, naambiwa nafanya siasa. Je, ninyamaze?"

Mtoto yule alipona, Mungu ahimidiwe. Hata hivyo, siku mbili za homa kwa mtoto mdogo wa ukanda wetu wenye malaria si jambo dogo. Wapo waliopotea kwa kucheleweshwa muda mfupi kuliko huo. Na muuguzi yule bado anakwenda kazini kila asubuhi akiwa hajui mpaka wake uko wapi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa mapana kidogo: je, daktari, tabibu, muuguzi au mkunga atoe maoni yake ya kisiasa akiwa kazini?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mapenzi ya chama yabaki nje ya mlango wa zahanati. Ukweli unaohusu uhai wa mgonjwa usibaki nje, hata kama wenye nguvu watauita siasa. Makosa mengi hutokea pale mambo haya mawili yanapochanganywa, na hutokea kwa pande zote mbili.

Neno moja, maana tatu

Tunaposema "siasa" katika mazungumzo ya kila siku, huwa tunataja mambo matatu tofauti kwa neno moja.

Jambo la kwanza ni ushindani wa vyama na wagombea: nani achaguliwe, chama kipi kizuri, mgombea yupi ni mnafiki. Jambo la pili ni mipango ya jamii: fedha za umma zigawanywe vipi, zahanati ijengwe wapi, bima ya afya iwafikie nani, wahudumu walipwe nini. Jambo la tatu ni ukweli wa kitaalamu ambao kwa asili yake si siasa hata kidogo, ila hugeuka kuwa siasa pale unapomkera mkubwa fulani: kwamba kuna kipindupindu kijijini, kwamba maji ya kisima fulani si salama, kwamba mjamzito huyu amefariki kwa sababu damu ya kumwongezea haikuwepo.

Mhudumu wa afya ana wajibu tofauti katika kila moja ya mambo haya. Katika la kwanza, akiwa kazini, anyamaze. Katika la pili anaweza kusema, na mara nyingine anapaswa kusema, lakini kwa njia na mahali panapofaa. Katika la tatu hana ruhusa ya kunyamaza mbele ya wanaohusika.

Kwa nini kando ya kitanda cha mgonjwa si jukwaani

Mtu anaweza kuuliza: fundi cherehani anazungumza siasa na wateja wake, dereva wa daladala vivyo hivyo, na kinyozi ndiye usiseme; kwa nini muuguzi azuiwe?

Tofauti iko katika hali ya yule anayesikiliza. Mteja wa kinyozi asiyependa maneno yake atahamia kwa kinyozi mwingine. Mama wa kijijini aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku hana zahanati ya kuhamia. Mgonjwa hufika akiwa dhaifu, mara nyingi bila nguo zake za kawaida, akiwa amemweleza mgeni siri ambazo hajawahi kumweleza ndugu yake. Anayeshika sindano ndiye anayeshika pia faili lake na nafasi yake katika foleni. Katika hali hiyo, neno la utani kuhusu chama halipokelewi kama utani. Mgonjwa hulipima: je, huyu atanihudumia sawa na wengine? Hata kama mhudumu ana moyo safi kabisa na hajawahi kumbagua mtu, hofu imekwisha kuingia, na hofu ndiyo iliyomweka nyumbani mama yule kwa siku mbili.

Kwa hiyo kipimo chetu hakiishii kwenye nia ya mhudumu. Tunauliza pia mgonjwa amebaki na nini moyoni baada ya kusikia. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, alikiri kwamba kula kwenyewe hakukuwa dhambi kwa mwenye kuelewa. Lakini kama kunamkwaza ndugu aliye dhaifu, yeye yuko tayari kuacha. Maoni ya chama ni haki ya mhudumu. Hata hivyo yapo mazingira ambamo upendo hudai haki hiyo iwekwe kando kwa saa nane za zamu.

Wenye taaluma wenyewe waliliona jambo hili. Chama cha Madaktari Duniani, katika Azimio la Geneva la mwaka 1948, kiliuweka msimamo wa kisiasa wa mgonjwa pamoja na dini, taifa na rangi, miongoni mwa mambo yasiyoruhusiwa kuingia kati ya daktari na wajibu wake. Dunia ilikuwa imetoka kushuhudia madaktari wa Ujerumani ya Wanazi wakiitumikisha taaluma yao kwa itikadi ya chama, na ilijua gharama yake. Hapa kwetu, Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za mwaka 2005 zinamruhusu mtumishi kuwa mwanachama wa chama cha siasa, lakini zinamkataza kufanya shughuli za kisiasa saa za kazi au mahali pa kazi, kutoa huduma kwa upendeleo kwa sababu ya tofauti za kisiasa, na kukipatia chama chake taarifa au nyaraka alizozipata kwa cheo chake. Anayezisoma kanuni hizo kwa makini ataona zinalenga zaidi kumlinda anayehudumiwa kuliko kumfunga mdomo anayehudumu.

Pwani yetu inakumbuka

Watu wa Bagamoyo na vitongoji vyake hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka makazi Bagamoyo mwaka 1868. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1888, pwani iliwaka moto. Abushiri bin Salim na wenzake waliinuka kuipinga Kampuni ya Wajerumani, na Bagamoyo ukawa uwanja wa mapigano. Watu wengi waliokimbia mji walipata hifadhi katika eneo la misheni, na wapiganaji wa Abushiri hawakuishambulia. Hatusemi kwamba wamisionari wale hawakuwa na mawazo yao kuhusu vita. Walikuwa binadamu, tena Wazungu wa zama zao. Tunachosema ni kwamba aliyefika pale na mtoto mgongoni alihitaji kupokewa kabla ya kuulizwa yuko upande gani.

Bagamoyo hiyo hiyo ilikuwa makao ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismaili aliyefariki mwaka 1897, ambaye alitoa sehemu ya mali yake kwa ajili ya hospitali na elimu ya watu. Hata leo anayelazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili anaweza kujikuta katika jengo linaloitwa Sewahaji, na Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini hulala humo kitanda kwa kitanda. Huo ndio urithi wa pwani hii. Mhudumu anayegawa wagonjwa kwa rangi za fulana za vyama anaubomoa urithi ambao wazee wetu wa dini mbalimbali waliujenga pamoja.

Lakini mhudumu naye ni raia

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu tu ya ukweli, na nusu hiyo hupendwa sana na watawala wa kila zama. Historia ya nchi yetu inatutahadharisha.

Mwaka 1950, daktari Mkatoliki kutoka Bukoba aliyesomea Makerere, Vedasto Kyaruzi, alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association mjini Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni haikupenda kuona daktari wake akiongoza Waafrika kudai haki. Ikamhamishia Kingolwira, karibu na Morogoro, kwenye barabara hii hii inayopita Vigwaza, na baadaye ikampeleka mbali zaidi, Nzega. Kosa lake halikuwa kumhudumia mgonjwa vibaya. Alikuwa raia mwenye mawazo nje ya wodi. Baada ya uhuru alikwenda kuiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa. Miaka mitano baada ya uchaguzi ule wa Dkt. Kyaruzi, Machi 1955, Mwalimu Julius Nyerere naye alitakiwa kuchagua kati ya kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na kuiongoza TANU. Alijiuzulu ualimu. Tunalikumbuka hilo kwa unyenyekevu, kwa kuwa shule ile ilikuwa ya Kanisa.

Kwa hiyo tusiwe wepesi kutumia neno "maadili ya kazi" kumnyamazisha mtu saa ishirini na nne. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa kujumuika katika ibara ya 20. Ibara ya 147 inawazuia wanajeshi kujiunga na vyama vya siasa, nao wametajwa kwa majina ya majeshi yao. Madaktari na wauguzi hawamo. Muuguzi akishavua sare, akatoka getini, ana haki ya kwenda mkutanoni, kupiga kura, kuvaa kofia ya chama akipendacho na kubishana barazani kwa heshima. Mkuu wa kituo anayemwadhibu kwa hilo, au anayemlazimisha kuvaa fulana ya chama tawala au cha upinzani, anatenda kosa lile lile ambalo tumemkataza muuguzi: anaingiza chama ndani ya zahanati.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 76, uliwaalika waamini watofautishe mambo wanayoyafanya kwa jina lao wenyewe kama raia, wakiongozwa na dhamiri ya Kikristo, na yale wanayoyafanya kwa jina la Kanisa pamoja na wachungaji wao. Tofauti hiyo inawafaa pia watu wa afya. Kuna anachokisema Asha au Yohana kama raia, na kuna kinachosemwa na koti jeupe. Anayelivaa koti lile haongei peke yake: imani ambayo watu wameijenga kwa taaluma nzima husikika pamoja na sauti yake. Asiitumie imani hiyo kukinunulia chama kura.

Ukweli unapoitwa siasa

Sasa turudi kwa muuguzi yule aliyeambiwa anafanya siasa kwa kusema dawa hakuna. Hapa tunasema bila kusita: kumweleza mgonjwa kwamba dawa aliyoandikiwa haipo, ili aitafute kwingine mapema, si siasa. Ni sehemu ya tiba. Kumficha ili kituo kionekane kizuri ndiyo siasa, tena mbaya, kwa kuwa mgonjwa hulipia sifa ya mtu mwingine kwa afya yake.

Taifa letu lilipitia mtihani wa namna hii kwa uchungu. Baada ya mwisho wa Aprili 2020, takwimu za wagonjwa wa korona zilikoma kutangazwa, na Juni mwaka huo ikatangazwa kwamba nchi haina tena ugonjwa huo. Wahudumu wengi wa afya walijikuta katika hali ngumu: jina la ugonjwa lilikuwa limekuwa neno la kisiasa. Mwishoni mwa Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kupitia Rais wake Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, liliwaonya waamini kuhusu wimbi jipya na kuwahimiza wajikinge. Mapema Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, aliueleza umma kwamba ndani ya muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata matatizo ya kupumua. Baadaye mwelekeo ulibadilika: Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 alichanjwa hadharani kuzindua chanjo.

Maaskofu hawakutaja chama chochote, wala hawakumwambia mtu ampigie nani kura. Walisema watu wanaugua, tujikinge. Mtu akiuliza tofauti ya siasa ya chama na ukweli wa uhai, tunaweza kumwonyesha mfano huo. Tunajua vilevile kwamba ni rahisi zaidi kwa Baraza la Maaskofu kusema kuliko kwa tabibu mmoja wa zahanati ya kijiji ambaye barua ya uhamisho inaweza kumfikia kesho. Kwa hiyo wajibu wa kusema usiachwe mabegani mwa mtu mmoja. Vyama vya taaluma, kamati za usimamizi za vituo, viongozi wa dini na wananchi wenyewe tuna deni la kumsimamia anayesema kweli.

Mgomo: swali gumu zaidi

Tukizungumzia jambo la pili, yaani mipango ya jamii, hatuwezi kuukwepa mwaka 2012. Januari ya mwaka huo madaktari walianza mgomo uliotikisa Muhimbili na hospitali nyingine. Walidai maslahi, na walidai pia mazingira bora na vifaa vya kuwatibia wagonjwa. Mgomo ukasitishwa Februari baada ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda kukutana nao, kisha ukarudi Juni. Usiku wa kuamkia Juni 27, kiongozi wa Jumuiya ya Madaktari, Dkt. Steven Ulimboka, alitekwa, kisha akakutwa katika msitu wa Pande, Mabwepande, akiwa amepigwa na kuumizwa vibaya. Nchini Kenya madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakidai utekelezaji wa makubaliano ya mwaka 2013, na viongozi wa chama chao walifungwa jela kwa muda.

Mwalimu Mama Kanisa anafundisha, katika Katekisimu namba 2435, kwamba mgomo ni halali pale usipoepukika, au angalau unapohitajika ili kupata faida yenye uwiano. Na kwamba haukubaliki kimaadili ukiambatana na ukatili, ukiwa na malengo yasiyohusiana moja kwa moja na hali ya kazi, au ukienda kinyume na manufaa ya wote. Kwa daktari, sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee. Mfanyakazi wa kiwanda akigoma, mashine husimama na mwenye mali hupata hasara. Daktari akigoma, anayeumia kwanza ni maskini asiyeweza kwenda hospitali binafsi, ambaye ndiye pia anayedaiwa kutetewa na mgomo huo. Mwenye mamlaka aliyesababisha tatizo mara nyingi ana daktari wake.

Hivyo hatuwezi kusema kwamba kila mgomo wa madaktari ni dhambi, wala kwamba kila mgomo ni ushujaa. Tunasema njia nyingine zimalizwe kwanza, dharura na wodi za wazazi zisiachwe hata saa moja, na mgomo usigeuzwe ngazi ya mwanasiasa yeyote. Kwa upande wa watawala tunasema kwamba kumteka na kumpiga mtu kwa kuwa amesema ni uovu mbele ya Mungu, na hakuna hoja ya utaratibu wa kazi inayoweza kuusafisha. Aidha, anayepuuza barua za madaktari mwaka hadi mwaka asishangae wakipaza sauti barabarani.

Majeruhi hana chama

Kuna saa ambapo mhudumu hupimwa bila kusema neno lolote. Vurugu zilizotokea siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata ziliwafikisha majeruhi mikononi mwa wahudumu wa afya. Ndugu zetu wauguzi na matabibu wana familia, wana majirani, wana hasira na huzuni zao. Mbele yao analetwa kijana anayevuja damu, au askari anayevuja damu. Wakati huo hakuna nafasi ya kuuliza, "Ulikuwa unafanya nini huko?" kwa sauti ya hukumu.

Mara nyingi hujitokeza suala la fomu ya polisi, PF3, inayotakiwa kwa aliyejeruhiwa. Utaratibu huo una sababu zake, kwa kuwa ushahidi wa jeraha humsaidia mdhulumiwa kupata haki. Lakini mpangilio wa wajibu uko wazi kwa dhamiri: damu izuiwe kwanza, karatasi ifuate. Msamaria Mwema wa Injili ya Luka alimpaka majeruhi mafuta na divai kabla ya kujua jina lake, na kwa uhasama wa Wasamaria na Wayahudi wa siku zile alikuwa na kila kisingizio cha kupita pembeni. Kilichoandikwa katika faili kiwe kile kilichoonekana mwilini, bila kupunguza ili kumfurahisha mkubwa na bila kuongeza ili kumkomoa. Faili la kweli ni shahidi asiye na chama.

Vituo vya Kanisa na sisi mapadre

Tusiwanyooshee kidole watumishi wa serikali peke yao. Katika zahanati na hospitali zinazoendeshwa na majimbo na mashirika ya kitawa, mgonjwa Mwislamu, Mpentekoste au asiyesali popote ana haki ile ile ya kuhudumiwa bila kusikia kejeli juu ya imani au chama chake.

Na sisi mapadre tuna kifungo chetu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inatukataza kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka halali ya Kanisa ione kwamba kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote kunadai hivyo. Tunaruhusiwa, na tunapaswa, kufundisha haki na kukemea dhuluma. Haturuhusiwi kugeuza altare kuwa jukwaa la mgombea. Sababu inafanana na ile ya muuguzi: aliyekuja kuungama asijiulize kwanza padre huyu ni wa chama gani. Pale ambapo baadhi yetu tumevuka mpaka huo, tumewajeruhi waamini, na inatupasa kuomba radhi kabla ya kuwafundisha wengine.

Mambo ya kushika

Kwa wahudumu wa afya waliotuomba mwongozo wa kutumia kesho asubuhi, tunapendekeza haya.

Kwanza, ukiwa zamu, usianzishe habari ya vyama mbele ya wagonjwa wala ndugu zao, na usibandike picha au bendera ya chama ukutani, mezani au kwenye sare. Redio ya mapokezi ikileta mdahalo wa kampeni, badilisha stesheni.

Pili, mgonjwa akianzisha mwenyewe, msikilize kwa adabu, kisha mrudishe kwenye afya yake: "Mzee wangu, hayo tuyaache kwanza, hebu nieleze kifua kinauma tangu lini." Mgonjwa ana ruhusa ya kusema maumivu yake yote, na mara nyingine siasa ni sehemu ya maumivu hayo. Wewe si lazima umjibu.

Tatu, mgonjwa akiuliza kwa nini dawa haipo au kipimo hakifanyiki, mweleze ukweli unaoujua, bila kumlaumu mtu usiye na hakika naye, na umwelekeze pa kupata msaada, iwe Mlandizi, Msoga au Tumbi.

Nne, upungufu uandike. Barua yenye tarehe kwa mganga mfawidhi, kwa kamati ya kituo, kwa chama chako cha taaluma, ina nguvu kuliko manung'uniko ya dirishani. Anayeandika bila kukoma anawasaidia hata wagonjwa ambao hajawahi kuwaona.

Tano, kuwa mwangalifu na simu. Makundi ya WhatsApp ya kazini si baraza la chama, na picha ya mgonjwa au ya faili lake isitumwe popote kwa lengo la kuisifu au kuiaibisha serikali.

Sita, nje ya kazi uwe raia kamili. Piga kura, shiriki, sema. Ukisema, eleza kwamba unasema kwa jina lako.

Mizani iliyo mlangoni petu

Wasafiri wengi wanaijua Vigwaza kwa sababu ya mizani ya malori. Dereva anayepanda pale hupimwa mzigo wake. Tajiri mwenye lori na chama anachokichangia havibadilishi kilo hata moja, mradi mizani ni nzima na anayeisoma ni mwaminifu. Lakini mizani hiyo hiyo ikikuta uzito umezidi, haikai kimya ili dereva asiudhike, inausema.

Tunatamani wahudumu wetu wa afya wawe hivyo: wasiulize mgonjwa ni wa nani, na wasifiche walichokipima. Mama yule wa kwanza anahitaji ukimya wao, na muuguzi yule wa pili anahitaji ujasiri. Kama sisi wengine tutaheshimu vyote viwili, mtoto mwenye homa atafikishwa zahanati siku ya kwanza.

Mungu awabariki wote wanaohudumia wagonjwa katika jimbo letu, na Maria Afya ya Wagonjwa awaombee.